Jina la Mbele

Siku wifi yake alipokuja kuanza kazi, Bi Rula mwenyewe ndiye aliyemfutia kiti vumbi. Msimamizi alikuwa amesema tu, "Bi Rula, mpishe mgeni hapo dirishani kwenye mwanga," naye akahamisha vitu vyake hadi meza ya ukutani: daftari saba, kikombe, na rula ya chuma ambayo hakukosa kuwa nayo popote na ndiyo iliyompa jina. Akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilimchosha mashavu hadi saa sita.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule, chumba kimoja chenye kompyuta tatu na feni iliyolalamika kama mgonjwa. Kazi yao ilikuwa kutunza ramani ya pamoja ya wilaya mbili, ya bondeni na ya mlimani. Na ilikuwa ya pamoja kwelikweli: mtu yeyote mwenye simu angeweza kuingia akaongeza kichochoro au kisima, na kila badiliko lilibaki limeandikwa ni nani kalifanya, lini, na kwa sababu gani.

Ugomvi haukuwa barabara. Barabara ikipinda kulia, imepinda kulia kwa wote. Ugomvi ulikuwa majina. Watu wa mlimani wana lugha yao, watu wa bondeni wana yao, na kila kijito na kila njia panda ina majina mawili, pengine matatu. Yote yangeweza kuhifadhiwa ndani ya ramani, lakini usoni pake palikuwa na nafasi ya jina moja tu. Hilo waliliita jina la mbele. Nani asiyetaka kukaa mbele?

Kanuni iliyotuliza vita hivyo aliitunga Bi Rula, miaka mingi nyuma, na ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: *Jina la mbele ni lile wanalolitumia wakazi wa mahali penyewe, kwa lugha yao, hata kama sisi hatulipendi.* Watu walimheshimu kwa hilo, maana yeye alikuwa mzaliwa wa mlimani aliyeolewa bondeni. Hakuna aliyeweza kusema anapendelea. Alikuwa amejifunza lugha ya wakwe zake akiwa mtu mzima, neno kwa neno, sokoni na jikoni, na kwa miaka kumi na moja alizunguka bonde zima kwa miguu akiuliza mahali hapa panaitwaje na pale panaitwaje. Zile daftari saba ndizo zilikuwa mali yake.

Wifi yake alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe, mwalimu wa lugha aliyekuwa akifundisha mji wa mbali hadi mkataba wake ulipokwisha. Aliajiriwa kwa miezi sita kuyahakiki majina ya bondeni. Mhudumu wa chai alikuwa na utani wake tayari: "Sasa wifi imefika ofisini, mtandao hautakatika tena!" Watu wakacheka, kicheko kikafika hadi mezani pa Bi Rula. Wifi naye akacheka, ana meno mazuri, akasema, "Nenosiri mtaniomba kwa adabu." Wakacheka tena.

Wiki ya kwanza alisahihisha majina arobaini na matatu. Hayakuwa makosa makubwa. Herufi hapa, sauti ya puani pale. Lakini kila alipopata moja alilisoma kwa sauti, kama darasani, na msimamizi alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Hiyo sasa ndiyo lafudhi yenyewe!" Lafudhi yenyewe. Basi ile ya miaka kumi na moja ilikuwa ya nini? Bi Rula aliinamia kompyuta yake.

"Wifi, usijisikie vibaya," yule binti alimwambia walipokuwa wakishuka ngazi. "Masikio ya kuzaliwa nayo ni mengine."

"Nijisikie vibaya kwa nini, wifi yangu? Kazi ni yetu sote."

Nyumbani ndiko kulikozidi. Mama mkwe, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimwita Bi Rula kila alipotaka kufunguliwa chupa ya dawa au kusomewa ujumbe, sasa alikuwa na binti yake. Wawili hao walikaa chumbani alasiri nzima mlango ukiwa umerudishwa, na kicheko chao kilipenya chini ya mlango kama maji. Bi Rula akiingia na sinia ya chai, mazungumzo yalibadilika. Si kwamba walikuwa wakimsema. Afadhali wangekuwa wakimsema. Walikuwa tu na mambo yao, ya mama na mtoto wa tumbo lake, nayo hayakumhusu.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia mumewe, seremala, aliyekuwa akipiga randa mguu wa kitanda uani. "Mimi jembe nimelishika miaka kumi na moja. Mbona bado mgeni?"

"Nani kakuita mgeni?"

"Hakuna aliyeniita."

"Basi tatizo liko wapi?" akauliza seremala, akapuliza vumbi la mbao, akaendelea na randa yake. Mwanamume mwema, lakini mambo yasiyoshikika kwa mkono yalimpita.

Jumatatu ya wiki ya tatu, saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, Bi Rula alikuwa akiyapitia mabadiliko ya wiki. Akafika kwenye pengo la vilima, pale barabara ya mlimani inapoteremkia bondeni. Hapo alipajua kama kiganja chake. Alipaandika yeye mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa: Mlango wa Upepo, kwa lugha ya bondeni, jina alilopewa na mama mkwe wake siku ya kuletwa bondeni, wakiteremka pamoja, kanga zikiwapepea. Sasa Mlango wa Upepo haukuwepo. Mahali pake palikaa neno moja refu la lugha ya bondeni ambalo hakuwahi kulisikia, neno la kizee lililojaa viambishi vya zamani. Na chini yake, kwenye nafasi ya kutaja chanzo, wifi alikuwa ameandika maneno matatu: *Mama yangu mzazi.*

Aliyasoma mara nne. Kwa hiyo lilikuwepo jina la kweli, na mama mkwe alilijua siku ile ile kilimani, akampa yeye jingine. Jina la wageni. Kama vile mtu anavyokutolea kikombe kisicho na mkono huku vile vizuri vikiwa kabatini. Binti kakaa wiki tatu tu, kafunguliwa kabati.

Alilifuta. Kwenye nafasi ya sababu akaandika: *Halijathibitishwa.* Kesho yake wifi akalirudisha. Bi Rula akalifuta tena. Wifi akalirudisha tena, bila neno, huku wote wawili wakiwa chumba kimoja, wamepeana migongo, wakiombana kalamu kwa upole.

Alhamisi Bi Rula alikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, simu mkononi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, kama angelifanyiwa na mtu mwingine, angemfukuza kwenye ramani siku hiyo hiyo. Alijiandikisha upya kwa jina la uongo. Akajiita Mkazi wa Bondeni. Kisha akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: *Mimi ni mzaliwa wa hapa pengoni. Neno hili jipya hatulijui. Sisi na wazee wetu tunapaita Mlango wa Upepo.*

"Unatetemeka, dada, ninakuvuta sana?" akauliza msusi.

"Hapana, endelea."

Alidhani mambo yangeishia hapo. Lakini maneno hayarudi mfukoni. Mtu wa mlimani akalisoma lile neno jipya, akaambiwa na wazee maana yake, akawasha moto: bondeni wanatutukana kwenye ramani ya pamoja! Watu wa bondeni wakajibu kwamba mlimani wanataka kufuta lugha yao. Ndani ya siku tano ukurasa ulikuwa mrefu kama shuka. Na kila aliyetoka mlimani alimtaja shahidi yule yule: hata Mkazi wa Bondeni, mtoto wa hapo hapo, anakiri jina hili limetungwa! Msimamizi akaita kikao cha pande zote mbili, Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule.

"Maana yake nini hasa?" Bi Rula alimuuliza wifi yake siku kikao kilipoitwa, mara ya kwanza kumtazama usoni kwa wiki nzima. "Neno lenyewe. Watu wanasema ni tusi."

Wifi aliangalia kucha zake. "Muulize Mama."

Mama mkwe alikuwa barazani, ungo mapajani, akichambua choroko. Bi Rula hakuketi.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kunikosea? Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Ulinipa jina la uongo. Miaka kumi na moja nimelibeba, nimeliandika, nimewafundisha watu. Yeye umempa la kweli kwa wiki tatu. Kama mimi si mtu wa nyumba hii, si ungeniambia tu?"

Mama mkwe aliacha kuchambua. Alichukua punje moja mbovu, akaigeuza vidoleni, akaitupa.

"Lile neno," alisema polepole, "maana yake ni Walipotupa Viatu. Zamani, watu wenu walishuka kuchukua ng'ombe, watu wetu wakawakimbiza hadi pale pengoni. Wanasema walikimbia hadi wakaacha makubadhi njiani. Watoto walikuwa wakiyaokota na kuyachezea. Ndiyo hadithi, sijui kama ni kweli. Lakini jina likabaki, na kila anayelitamka anacheka kidogo." Akamtazama. "Wewe ulipoteremka pale mara ya kwanza ulikuwa bibi harusi. Ulivaa viatu vipya vinavyokubana, ukavivua, ukavishika mkononi. Ukaniuliza, Mama, hapa panaitwaje? Ningekuambiaje mimi?"

Bi Rula alikaa, hakujua kakaa saa ngapi.

"Upepo ulikuwa ukivuma," akaendelea mama mkwe. "Nikasema neno la kwanza lililonijia. Binti yangu nilimwambia kwa sababu halimuumi. Wewe nilikuficha, sikukunyima."

Kuku alipita akidonoa punje mbovu zilizotupwa.

"Na nyie kule mlimani," mama mkwe akauliza, "hapa kwetu mnapaitaje? Usiniambie hamna jina."

Bi Rula alitazama sakafu. "Tunalo."

"Sema."

"Wanapolala Mchana."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika, ungo ukatikisika, choroko zikamwagika. "Loo! Wanapolala! Na umekaa nalo moyoni miaka yote hiyo?"

"Ningekuambiaje, Mama?"

Wakacheka hadi machozi, wakaziokota choroko pamoja. Lakini kicheko hakikumaliza kila kitu. Alipokuwa akiinuka, kile kijino cha wivu kilimuuma tena, chembamba: hata hivyo, aliyeambiwa kwanza ni yule. Na juu yake sasa kulikuwa na Mkazi wa Bondeni, aliyeko kwenye midomo ya watu wa wilaya mbili.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Upande wa kulia walikaa watu wa mlimani, na mbele yao mjomba wake Bi Rula, kaka wa mama yake, mzungumzaji hodari wa mabaraza. Alisimama na karatasi.

"Sisi hatuna maneno mengi," alisema, maana yake alikuwa nayo. "Shahidi wetu katoka kwao wenyewe. Mkazi wa Bondeni kasema hilo jina hawalijui. Mnataka ushahidi gani tena? Huyo ni mtu mwaminifu, nami ningempata ningemshika mkono!"

Watu wa mlimani wakapiga makofi. Upande wa bondeni mtu akapaza sauti, "Msaliti huyo! Ajitokeze!" Wifi alikuwa amekaa mbele na daftari, shingo imekaza, akitazamwa na watu wote kama mtunga uongo. Bi Rula alimwona akimeza mate. Wiki mbili nyuma angelipa chochote amwone hivyo. Sasa alimwona na hakupata utamu wowote.

Akasimama.

"Mjomba, mkono wenyewe ni huu hapa," alisema. "Mkazi wa Bondeni ni mimi."

Alizisikia feni za ukumbi, moja baada ya nyingine.

"Jina alilolileta wifi yangu ni la kweli, ni la zamani, na kalitoa mahali pa kweli. Mimi nilikuwa silijui. Nililifuta kwa sababu ya kijicho. Niliona ameambiwa yeye, sikuambiwa mimi. Hakuna sababu nyingine. Nikatunga mtu asiyekuwepo, nikamtia maneno mdomoni."

"Umetuvua nguo hadharani, mwanangu," mjomba alisema kwa sauti ndogo, akaketi.

"Nimejivua mwenyewe, Mjomba. Kanuni iliyoko mlangoni niliiandika mimi. Hata kama sisi hatulipendi. Nilidhani nawaandikia wengine."

Msimamizi alikohoa, akasema basi, kwa kuwa jina la zamani ni sahihi, lirudishwe mbele na yaishe. Kelele zikaanza upya. Ndipo akainuka mwanamke mmoja mnene, mwenye mkahawa pale pale pengoni, aliyekuwa amekaa nyuma muda wote na kapu lake.

"Samahanini," alisema. "Kanuni si inasema jina wanalolitumia wakazi? Wakazi si ni sisi? Mimi kibao changu kimeandikwa Mlango wa Upepo. Makondakta wanaita Mlango wa Upepo. Watoto wangu hawajui jina jingine. Hilo la viatu nalisikia kwa bibi yangu tu, tena akikasirika."

Watu wakageuka. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Jina ambalo bibi mmoja alilitunga kwa huruma, mkwewe akaliandika kwenye ramani bila kujua, makondakta wakalisoma kwenye simu zao, sasa lilikuwa na watu wake.

Ikaamuliwa waulizwe nyumba kwa nyumba. Na msimamizi, kwa hekima au kwa ukatili, Bi Rula hakuwahi kujua, akawatuma wifi wawili waende pamoja.

Walipanda Jumatatu asubuhi, bila kusemezana hadi nyumba ya tano.

"Unajua nilikuwa nakuchukia?" wifi alisema ghafla, akiwa anajaza fomu juu ya goti.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuchukia wewe."

"Yako ni ya mwezi mmoja. Yangu ni ya miaka. Kila nikipiga simu nyumbani, Mama haishi kusema mkamwana wangu hivi, mkamwana wangu vile. Mkamwana wangu anaijua mito yote ya bonde. Mkamwana wangu ana daftari saba. Mimi mtoto wake, nafundisha lugha yake, hajawahi kuniuliza nina daftari ngapi." Akafunga kalamu. "Nilipoandika Mama yangu mzazi, nilijua utayasoma. Ndiyo maana niliandika."

Bi Rula alitaka kukasirika, akakosa pa kushikia. "Na maana yake ulijua?"

"Nilijua."

"Basi una roho mbaya, wifi."

"Tumekutana," akajibu yule binti, na wakaendelea nyumba ya sita.

Nyumba zilikuwa thelathini na moja. Kumi na mbili, nyingi zikiwa na wazee, zilitaja Walipotupa Viatu. Kumi na nane zilitaja Mlango wa Upepo. Mzee mmoja alitaja yote mawili, kisha akasema waandike lile litakalomletea maji ya bomba.

Kamati ya ramani ilikubali hesabu hiyo. Mlango wa Upepo ukarudi mbele, kwa lugha ya bondeni. Walipotupa Viatu likawekwa ndani kama jina la zamani, pamoja na jina la watu wa mlimani, ambao wao walikuwa wakipaita Shingoni tu, bila maneno mengi. Mjomba hakumtembelea Bi Rula kwa miezi miwili, kisha akaja siku moja kuagiza kabati kwa seremala, akanywa chai, akaondoka bila kulitaja.

Bi Rula alifungiwa kuigusa ramani kwa miezi mitatu. Hiyo ilikuwa adhabu, na aliiona ni ndogo. Kwa hiyo siku ya kuingiza jina, wifi ndiye aliyeketi kwenye kompyuta, na yeye akasimama nyuma yake akimsomea herufi kutoka kwenye daftari.

"Hapo weka nafasi," alisema.

"Naijua, wifi."

"Na herufi kubwa kwenye neno la pili."

"Naijua."

Wifi akabonyeza. Jina likatokea pengoni, dogo, jeusi, na pembeni yake ikajiandika tarehe na aliyefanya badiliko hilo. Wifi. Miaka ijayo, mtu yeyote atakayetaka kujua nani alipaita Mlango wa Upepo angeona kwanza jina la huyu binti, si lake wala la mama mkwe. Bi Rula aliyatazama maandishi hayo, na kile kijino cha wivu kikamuuma tena, kile kile cha zamani, hakijaenda popote.

"Sogea kidogo," akamwambia wifi yake, akavuta kiti cha pili akaketi karibu naye. "Twende kijitoni. Lile jina la kule juu uliliandika vibaya."